Mgao wa Pili

Mama Anastasie alitoka Carrollton akiwa amejiandaa kulia. Miongoni mwa Wakongo wa Dallas, matanga bila yeye yalikuwa kama harusi isiyo na muziki: mtu hajui afanye nini na mikono yake. Alivua viatu mlangoni pa nyumba ile ya ghorofa ya pili, mtaa wa Vickery Meadow, akakaza kitenge kiunoni, akavuta pumzi ndefu, na kabla hajaiachia, kiganja cha mwanamume kikamziba mdomo.

"Pole, mama," alinong'ona Omer Wilondja, baba wa marehemu. "Hapa hatulie na sauti."

Mama Anastasie akakiondoa kile kiganja. "Namna gani hamulie? Mutoto si amekufa?"

"Amekufa. Lakini babili bamebaki. Docteur anasema bakishituka tu, na bo banaweza kwenda."

Ndivyo ilivyokuwa. Carmel, kifungua mimba wa Omer na Bertila, alikuwa kijana mzima kabisa, anapakia maboksi ghalani pamoja na baba yake, anakula kwa niaba ya watu watatu. Asubuhi moja simu yake ililia kumwamsha aende kazini. Ikalia, ikalia, mwenyewe hakuamka. Hospitali ilipowapima waliobaki ikasema ni ugonjwa wa kurithi, wa nadra sana: moyo ukishapiga unachelewa kujipanga kwa pigo linalofuata, na kelele ya ghafla ikiukuta bado unajipanga, unapotea njia. Simu, kengele, mtu kupiga ukelele, chochote. Shalom, binti wa miaka kumi na saba, alikuwa nao. Christian, wa kumi na minne, alikuwa nao pia.

Basi watu wakaomboleza kimya kimya. Ukitaka kujua uvumilivu wa Mkongo, mnyime kelele. Kwaya ya kanisa ilifika na ngoma zake ikaziacha garini. Wanawake walitafuna pembe za vitenge. Mama Anastasie alikaa juu ya zulia, machozi yakimtiririka, mdomo wazi, sauti hakuna, kama televisheni iliyozimwa spika. Mwisho akashindwa. Akashuka ngazi, akaingia garini mwake, akapandisha vioo vyote, akalia humo mpaka vikafunga ukungu. Alipotoka, akakuta akina mama watatu wamepanga foleni nje ya mlango wa gari.

Bertila hakwenda garini. Alikuwa chumbani, ameketi kitandani katikati ya watoto wake wawili, mkono mmoja juu ya sikio la huyu, mkono mwingine juu ya sikio la yule. Mkono wa tatu wa kujifutia machozi hakuwa nao.

*

Dawa ya kawaida ya kutuliza moyo walipewa hapo hapo Dallas. Daktari akasema inasaidia, ila kwa aina yao haitoshi. Houston kulikuwa na dawa mpya inayojaribiwa, na waliokuwa wakiijaribu walitafuta watu wenye ugonjwa huo huo. Watu kama hao hawapatikani kila mtaa. Kwa mara ya kwanza tangu wafike Amerika, familia ya Wilondja ilikuwa inatafutwa kwa heri.

Wakapanda basi. Muuguzi wa utafiti alikuwa Mkenya, Loice Wawira, mwanamke wa makamo anayeishi Stafford, kando ya Houston, mwenye viatu vyeupe na kicheko cha karibu. Kiswahili chake na chao vilikuwa ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali: walielewana, lakini kila mmoja alimwona mwenzake amelelewa vibaya.

"Sasa mama, sikiliza vizuri," alisema Loice. "Dawa zao za kawaida haziguswi, wataendelea nazo. Juu yake, kila mtoto anapewa chupa yake. Kuna chupa ziko na dawa mpya, na kuna zingine hazina dawa ndani. Kompyuta ndiyo inachagua. Mimi sijui, daktari hajui, nyinyi pia hamjui."

"Hazina dawa namna gani?" aliuliza Bertila. "Iko unga?"

"Ni kama unga, eeh."

"Munapatia mutoto mugonjwa unga, kiisha munamuangalia?"

Loice alikohoa kidogo. "Ndiyo tujue kama dawa inafanya kazi, mama. Lakini shika hii: baada ya mwaka, study ikiisha, kila mtu aliyemaliza vizuri anapewa dawa yenyewe. Bure. Wote wawili."

"Kiisha mwaka."

"Mwaka mmoja tu."

Bertila akamtazama mume wake, na Omer akatazama sakafu, kwa maana wote wawili walikuwa wameisikia lugha hiyo mahali pengine. Kambini, walikoishi kama wakimbizi kabla ya Amerika, magunia ya unga yalipoisha kabla ya foleni, mtu mwenye kofia alikuwa akipanda juu ya gari na kipaza sauti, akatangaza kwamba waliokosa wasiwe na wasiwasi, wangoje mgao wa pili. Bertila aliungoja juani na mimba ya Shalom. Aliungoja na Christian mgongoni. Hakuwahi kukutana na mtu aliyewahi kuupika. Mwishowe wanawake wa mtaa wake wakajiwekea sheria yao: gari likiondoka, waliopata na waliokosa wanamwaga vyote kwenye karai moja, wanagawana hapo hapo. Anayetaka kungoja, na angoje tumbo likiwa na kitu.

"Umeelewa, mama?" aliuliza Loice.

"Minaelewa," alisema Bertila.

Omer akatia sahihi. Christian akauliza kwa Kiingereza kama chupa ya unga inanenepesha, Loice akacheka mpaka akashika meza. Hapo Bertila akampenda yule mwanamke, jambo ambalo baadaye lingemwongezea aibu.

*

Nyumbani watu walikwisha kuzoea kuishi kama wezi. Simu zote zilitetemeka tu, hazilii. Mlangoni Omer alibandika karatasi: usigonge, tuma ujumbe. Chini, kwenye chumba cha mashine za kufulia, Bertila alisimama mbele ya mashine ya kukausha tangu mwanzo hadi mwisho, aifungue mlango kabla haijapiga ile kengele yake ya kutangaza kwamba imemaliza. Majirani walidhani anaogopa kuibiwa soksi.

Asubuhi moja Shalom alikunja uso juu ya glasi ya maji. "Maji ya leo iko kama misumari."

"Misumari?" Bertila akageuka kutoka kwenye jiko.

"Ladha ya chuma. Tangu wiki iliyopita. Nikimeza tu kile kidonge cha Houston, kila kitu inakuwa chuma."

"Mimi sisikii kitu," alisema Christian, mdomo umejaa mkate.

"Wewe hata mkate ukiungua hausikii."

Bertila akaonja maji ya glasi ile. Maji. Akamwangalia binti yake, akamwangalia mwanawe, na mikono yake ikaanza kukanda kitambaa cha jikoni kama unga. Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa. Chuma kwa Shalom, kwa Christian hakuna. Akafikia jibu bila kompyuta ya mtu.

Alimwambia Shalom wakiwa nje ya chumba cha kufulia, kapu la nguo katikati yao.

"Yako iko dawa. Ya Christian iko unga."

"Mama, hatujui. Auntie Loice alisema—"

"Loice iko kwake Stafford. Miye niko hapa na batoto bangu."

Shalom akakunja shati moja kapuni. Kisha akasema, "Unataka nimpe yangu?"

"Hapana! Na wewe utabaki na nini?" Bertila alipandisha sauti, akakumbuka, akaishusha. "Tutagawa. Leo kila mumoya anakunywa ya chupa yake. Kesho munabadilishana. Kiisha munarudia. Hakuna mwenye kukosa."

"Lakini nusu dawa, mama, inaweza isifanye kazi kabisa. Kwa mimi na kwa yeye."

"Na unga mutupu? Njo inafanya kazi?"

Shalom alikuwa mzuri wa biolojia, na jibu alikuwa nalo. Lakini pia alikuwa analala chumba kimoja na mdogo wake tangu Carmel aondoke, na alijua ilivyo kulala ukihesabu pumzi za mwenzako. Akainua kapu.

"Usimwambie Papa," alisema.

"Papa yako atasema tuliweka sahihi."

"Ndiyo maana."

Baada ya siku chache Christian alitema maji kwenye sinki akapiga makofi bila sauti, kama walivyofundishwa. "Imefika!" alinong'ona. "Misumari imefika kwangu!" Alicheza kidogo pale jikoni, makalio nyuma, mikono juu, akamfanya Shalom acheke kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Bertila aliwatazama akiwa na mwiko mkononi. Usiku ule hakuamka kwenda kuwasikiliza mlangoni.

*

Katika safari ya tatu ya Houston, Loice hakucheka. Aliwapeleka kwenye chumba kidogo, akafunga mlango taratibu, akaketi karibu sana na Bertila.

"Mama, nani anapeana dawa nyumbani?"

"Miye."

"Na kila mtoto anakunywa ya chupa yake?"

Omer akajibu kabla ya mke wake. "Dada Loice, huo ni ulizo gani? Bibi yangu anawekaka dawa kwa kabati, anafunga na ufunguo. Haiwezi kukosea."

"Baba, damu imepimwa. Wenye dawa, ile kampuni inayoitengeneza, wameandika kutoka mbali huko. Wanasema kuna kitu hakikai sawa kwa hawa wawili."

"Basi mashine yao njo imekosea."

Daktari akaingia, mrefu, mpole, ana haraka. Kwa sheria Loice hakuruhusiwa kutafsiri jambo zito namna hiyo, kwa hiyo wakapiga simu, na mkalimani akatokea kwenye spika, mwanamume mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi.

"Daktari anauliza, je, mzazi, ulivibadilisha vidonge hivyo kwa makusudi ama kwa bahati mbaya?"

"Huyu anayeongea kama redio ni nani?" aliuliza Bertila.

"Mimi ni mkalimani, mama. Tafadhali jibu swali."

"Mwambie hapana," alisema Omer, ameshasimama. "Mwambie sisi ni batu ba—"

"Ni miye," alisema Bertila.

Omer akabaki amesimama hivyo hivyo, na sentensi yake mdomoni.

Bertila akaeleza. Alieleza misumari, akaeleza kapu la nguo, akaeleza hata mambo ambayo hakuulizwa: mtu mwenye kofia juu ya gari, karai, wanawake waliokuwa wakikwangua unga uliomwagika mchangani na kuupepeta. "Nilikuwa na batatu, nimebaki na babili," alisema. "Nikiwapikia, ninaweka nyama kwa huyu na mufupa kwa huyu? Mungu ataniuliza nini?" Alizungumza kwa muda mrefu, na aliponyamaza, mkalimani akavuta pumzi, akayatoa maneno yote yale kwa Kiingereza. Yalikuwa sentensi moja. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Kisha daktari akasema, na redio ikasema, kwamba anaelewa uchungu wa mzazi. Kwamba nusu dozi haikumlinda yeyote kati ya watoto. Kwamba matokeo yao hayawezi kuhesabiwa tena. Kwamba kwa masikitiko makubwa wote wawili wanaondolewa, na chupa zirudishwe leo. Hapana, haitasemwa ipi ilikuwa na dawa. Hilo litabaki limefungwa mpaka utafiti wote uishe.

Shalom akasema kwa Kiingereza kwamba na yeye alijua, kwamba alikubali. Daktari akamwambia asijilaumu. Hakuna aliyemwambia Bertila hivyo.

Walipobaki na Loice peke yake, Bertila akafungua mkoba, akazitoa zile chupa mbili, akaziweka mezani moja kando ya nyingine.

"Dada Loice. Ile ya kiisha mwaka. Ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa kweli, mama."

"Kuna mutu alishaipata?"

Loice aliangalia viatu vyake vyeupe. "Wale walioanza mapema wanaanza kupewa mwezi ujao."

Bertila akaitikia polepole, kama mtu anayeelekezwa njia ya mahali alipokwisha kupita.

Kwenye basi la kurudi Omer alitazama dirishani mpaka walipoanza kuona taa za Dallas. Ndipo akasema, bila kumgeukia, "Mbele ya ule muzungu nimeapa juu yako."

"Ninajua."

"Ungeniambia, Mama Carmel. Ningekataa. Lakini ungeniambia."

*

Loice alipigana vita huko Houston. Hakuwaeleza ilivyokuwa, ila kwa sauti yake ilijulikana kwamba ameomba, na amekemewa, na ameomba tena. Mwisho simu ya Omer ikatetemeka mezani, naye Loice akasema wenye dawa wamekubali kuanza upya, kwa masharti mawili. La kwanza, kidonge kimezwe kila asubuhi mbele ya kamera ya simu, yeye akiangalia.

"Hiyo haina shida," alisema Omer haraka. "Na la pili?"

"Nyumba moja, mtu mmoja. Ndiyo kusikuwe na mwenye kugawiwa."

Omer akaisogeza simu katikati ya meza.

"Na ile chupa mupya," aliuliza Bertila, "itakuwa dawa ao unga?"

"Kompyuta itachagua tena, mama. Pole. Nipeeni jina Jumatatu."

Wakakaa wanne wakitazamana. Omer ndiye aliyeanza. "Christian."

"Juu ya nini?" aliuliza Bertila.

"Iko mudogo."

"Ao juu iko mwanaume?"

Omer akaigeuza simu, kioo chini.

"Basi sema wewe," alimwambia mkewe. "Shalom? Sema Shalom, na miye ninaandika Shalom."

"Miye sichague. Sikuzaa batoto kwa kuchagua."

"Usipochagua batakosa bote!"

"Papa, sauti," alisema Christian. Wote wakageuka kumwangalia, mkono wake juu ya kifua, wakangoja. Hakuna kitu. "Niko sawa," alisema. "Mimi ninasema aende Shalom. Ama tucheze karata. Mwenye kushinda anaenda, lakini mimi ninaibaga karata, kwa hiyo nitahakikisha nimeshindwa."

Shalom hakucheka. Alikuwa anang'oa uzi kwenye kitambaa cha meza.

"Daktari alisema na sisi watoto lazima tukubali, si mzazi tu," alisema. "Mimi sikubali."

"Shalom," alisema mama yake.

"Sitaki. Ile dawa inaharibu maji. Nimechoka kunywa misumari." Alitazama uzi wake. "Muandike Christian."

Hakuna hata mmoja mezani aliyemwamini. Hakuna aliyembishia pia. Omer akachukua simu. Na Bertila, aliyekuwa ametamani tangu simu itetemeke kwamba mtu yeyote, hata shetani, amwondolee mzigo ule, akausikia ukishuka mabegani mwake, akapata raha. Ilikuwa ndogo, ya kitambo tu. Lakini Shalom alikuwa anamtazama, na aliiona ikipita usoni mwa mama yake.

Bertila akanyoosha mkono juu ya meza. Shalom akaushika, akaubana kidogo, akainuka kwenda kuosha vyombo.

*

Asubuhi ya kwanza waliiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Kwenye kioo Loice alikuwa jikoni kwake, kilemba cha kulalia bado kichwani, kikombe cha chai mkononi.

"Bwana Christian, habari ya asubuhi. Onyesha kidonge. Karibu na kamera, hapo. Weka mdomoni. Sasa maji. Kunywa yote. Haya, fungua. Fungua sana. Inua ulimi."

Christian akafungua mdomo, akainua ulimi, macho yametazama dari kama mtu anayekaguliwa mpakani. Bertila alikuwa amesimama ukutani na kanga yake ya kazi za nyumbani, mikono nyuma. Alikuwa amekatazwa kugusa chupa.

Shalom alikuwa anatoka kwenda shule, begi limeshapanda mgongoni. Akasimama nyuma ya simu, pale ambapo kamera haifiki, uso kwa uso na mdogo wake. Naye akafungua mdomo. Akaufungua wote, akainua ulimi, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akimwiga, ili akaguliwe vizuri.

Christian akapaliwa na kicheko.

"Kuna nini?" aliuliza Loice.

"Ni Shalom, Auntie. Ananichekesha."

"Mwambie aache ujinga. Sawa, nimeona, kimeingia. Na mama yako yuko wapi, mbona simwoni?"

Bertila alikuwa hapo hapo. Alikuwa akitazama ndani ya mdomo wa binti yake, meno yote, ulimi umeinuliwa, chini yake patupu, mpaka Shalom alipochoka kucheza, akaufunga.